Kikombe kiliwekwa upande uliopooza

Baba mkubwa alipata kiharusi akiwa na miaka 74. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, maneno yakabaki machache, akili ikabaki vilevile. Hana mtoto, mkewe alishatangulia mbele ya haki, na kwake Keko walikuwepo wapangaji tu, watu wema lakini kila mmoja ana riziki yake ya kukimbilia. Akaja kwangu Tabata. Mimi natoka alfajiri kuiwahi foleni, narudi giza limeingia, na katikati hapo yupo binti wa kazi. Mtu mzima aliyepooza upande mmoja ageuzwe kila baada ya saa mbili, anyanyuliwe, asafishwe, alishwe taratibu asije akapaliwa. Huo si mzigo wa kumtwisha binti aliyeletwa mjini kupika na kufua. Kiuno kilianza kumuuma, akawa anaficha.

Kikao cha familia cha kuamua kama apelekwe kwenye nyumba ya kulea wazee kilikuwa kirefu. Shangazi alilia. "Yaani kaka yangu akalelewe na watu baki, na sisi tupo?" Mdogo wangu akamjibu kwa adabu, "Tupo, shangazi. Ila saa nane mchana nani yupo?" Hakuna aliyejibu, na baba mkubwa mwenyewe, aliyekuwa amekaa pembeni tukimjadili kama hayupo, akainua mkono wa kushoto akasema, "Niende nikaone." Tukakubaliana jambo moja: hatapelekwa mahali asipopaona kwanza.

Kwa asiyejua hali ilivyo hapa kwetu Tanzania, niseme kidogo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na inaiweka familia mbele katika kumtunza. Makazi ni kimbilio la mwisho. Makazi ya serikali, kama yale ya Nunge kule Kigamboni, ni ya wazee wasiojiweza na wasio na ndugu wa kuwalea, na njia ya kufika huko inapitia kwa afisa ustawi wa jamii. Baba mkubwa ana ndugu, na ana pensheni. Zikabaki nyumba za taasisi za dini na za watu binafsi. Hizo za binafsi ndizo zinazotaka macho, maana nyingine ni nyumba ya kawaida tu ya kuishi, iliyoongezwa vitanda na kupakwa rangi geti.

Ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa walituambia tudai kwanza cheti cha usajili, tena cha asili, siyo kivuli chake. Ushauri mzuri, na nyumba moja tuliiacha hapohapo kwa sababu cheti "kipo kwa mwanasheria". Lakini cheti kinakwambia nyumba iliruhusiwa kufanya kazi. Hakikwambii usiku wa jana nani alikuwa zamu.

Aliyetufungua macho ni jirani yetu, nesi mstaafu. Nilimwendea na daftari nikitegemea atanitajia vitu vya kukagua. Akanisikiliza, akasema, "Mwanangu, mkifika msihangaike na yule mzee anayecheka na wageni. Huyo wanampenda, anahudumiwa. Mtafuteni asiyeweza kuinuka wala kusema, mkae naye."

Nyumba ya kwanza ilikuwa na mapokezi mazuri kuliko ya hoteli. Kiyoyozi, sofa za ngozi, runinga kubwa, wazee wanne wamevalishwa vizuri. Msimamizi alitutembeza akituonyesha bustani. Nikaomba kwenda chumba cha mwisho kwenye korido. Akasema bibi wa humo amelala. Nikasema hatutamwamsha.

Bibi hakuwa amelala. Alikuwa anaangalia dari. Uso wake ulikuwa umevutika upande mmoja, na mkono wake wa kulia umekunjwa kifuani, vidole vimejifunga. Kwenye meza ndogo kulikuwa na kikombe cha maji, kimejaa hadi juu, na mbu mmoja amekufa akielea. Meza ilikuwa upande wa kulia. Baba mkubwa, aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu mlangoni, ndiye aliyeliona kabla yetu. Akanigusa, akanyoosha kidole kwenye kikombe, kisha akajigusa mkono wake uliopooza. Kengele ya kuitia wahudumu nayo ilikuwa upande huohuo, imezungushwa kwenye chuma cha kitanda.

Nilikihamisha kikombe, nikamuuliza msimamizi kama naweza kubadilisha maji. Akaita dada mmoja. Bibi alikunywa yote bila kupumzika.

Jirani yetu alinieleza baadaye kwa nini lile la kikombe ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mtu akizeeka, kiu inapungua nguvu. Mwili unakauka na yeye hasikii hamu ya maji. Weka juu yake joto la Dar la kuanzia Desemba hadi Machi, na chumba kilicho chini ya bati, na siku ambayo luku imeisha feni zikasimama. Dalili ni midomo kukauka, mkojo kuwa mzito kama chai ya rangi, kisha mzee anaanza kuchanganya majina na kuongea yasiyoeleweka. Watu wanasema "uzee huo". Kumbe mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, kuna kitu: maji yamepungua, ana maambukizi ya njia ya mkojo, sukari imeshuka, au dawa imezidi. Tangu hapo swali hili tulilipeleka kila nyumba: mzee akiamka anaongea ovyo, mnafanya nini? Wengi walijibu kwamba wanamwombea au wanampa dawa alale. Mhudumu mmoja tu, kijana wa kiume, alisema anampima joto na sukari, anaangalia mkojo, halafu anampigia daktari. Nyumba ya kijana huyo tuliiwekea alama.

Harufu haikutusaidia kama tulivyodhani. Wapo waliomwaga dawa ya kudekia hadi macho yakawasha, na chini ya shuka kuna godoro limelowa. Ipo nyumba iliyokuwa na harufu ya mkojo saa mbili asubuhi kwa sababu ndiyo kwanza wanabadilisha pampasi, na saa moja baadaye ilikuwa safi. Bora kuangalia ngozi. Tuliomba ruhusa ya mzee mwenyewe au ya ndugu zake, kisha tukaangalia visigino, na pale tulipoweza, kiuno kwa nyuma na nyonga. Vidonda vya kulalia vinaanzia hapo, mfupa unapogandamiza ngozi dhidi ya godoro. Kwa ngozi zetu nyeusi usitegemee kuona wekundu. Panakuwa peusi zaidi au pa zambarau, pana joto, pagumu au pamekuwa laini kupita kawaida. Uliza ratiba ya kugeuza, halafu angalia kama imeandikwa kwa kalamu tofauti na kwa saa zinazoeleweka. Ukurasa wenye mwandiko mmoja na wino mmoja kuanzia asubuhi hadi asubuhi umejazwa kwa mkupuo.

Mambo ya daftari yalinipa shaka zaidi kwenye dawa. Tulikuwa nyumba fulani kwenye saa tano asubuhi, nikaomba kuona namna wanavyoandika dawa. Mhudumu akaniletea daftari kwa kujiamini kabisa. Dawa ya presha ya saa mbili usiku, ya siku hiyohiyo, ilikuwa imeshatiwa saini. Vidonge vyenyewe vilikuwa kwenye vikombe vidogo juu ya sinia, havina majina. Kwenye friji ya jikoni, mlangoni, kati ya siagi na mchuzi uliobaki, kulikuwa na chupa ya insulini. Insulini ambayo haijafunguliwa inatunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na mlango wa friji ya jikoni unafunguliwa kila dakika. Nikauliza umeme ukikatika inakuwaje. "Unarudi," akasema.

Baba mkubwa ana sukari, kwa hiyo suala la chakula nililiangalia kwa jicho kali. Menyu zote zilipendeza: mtori, samaki wa kuchemsha, mboga za majani, papai. Nilichokuja kukigundua ni saa. Nyumba moja nzuri tu, yenye watu wapole, ilikuwa inatoa chakula cha jioni saa kumi na moja ili wapishi wawahi daladala, na uji wa asubuhi unatoka saa tatu. Hesabu mwenyewe: saa 16 bila kitu tumboni. Mzee anayetumia dawa ya sukari jioni anaweza kuzimika usiku huo, na asubuhi ataambiwa amelala fofofo. Niliwaambia, wakashangaa kweli. Hakuna aliyewahi kuwauliza.

Tuliomba pia kukaa wakati wa kula. Mtu wa kiharusi anatakiwa akae wima, apewe vijiko vidogo, abaki amekaa kama nusu saa baada ya kumaliza, kwa sababu chakula kikiingia njia ya hewa anaweza kupata nimonia. Tulimwona dada mmoja akilisha wazee watatu kwa zamu, kijiko kimoja, huku mmoja amelala chali. Sikumlaumu yeye. Alikuwa peke yake.

Na hapo ndipo kwenye kiini cha mambo: wahudumu ni wangapi, na usiku wanabaki wangapi. Mchana kila nyumba ina watu. Mdogo wangu alijitolea kupita baada ya sala ya isha, na sababu hazikumkosa: kuleta kipimo cha presha, kuulizia bei kwa mara nyingine. Nyumba moja yenye wazee zaidi ya 20 alimkuta dada mmoja na mlinzi. Mlinzi ndiye aliyekuwa na funguo za mlango mkubwa, na alikuwa ametoka kununua kahawa. Madirisha yote yana nondo, kama ilivyo nyumba nyingi za Dar kwa kuogopa wezi, na geti la korido lina kufuli. Ukiwaza moto uanzie jikoni kwenye mtungi wa gesi, unapata baridi. Tukaanza kuuliza: funguo ziko wapi usiku, ni nani anajua kutumia kizimamoto na kilikaguliwa lini, wasioweza kutembea wanalala karibu na mlango au mwisho wa korido, na namba ya Zimamoto ni ngapi. Ni 114. Wahudumu wachache mno walijibu bila kwenda kuangalia ukutani. Tena nyumba ya ghorofa isiyo na lifti kwa mtu wa kiti cha magurudumu sioni sababu ya hata kwenda kuiona.

Kuhusu manesi, usiishie kuuliza kama wapo. Muuguzi wa kweli ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na hawezi kuona haya kukuonyesha. Wahudumu wengine hawana, na si kosa, kazi ya kuogesha na kulisha inafundishika. Kosa ni kumvalisha mtu sare nyeupe na kumpa sindano.

Jambo lililomkasirisha baba mkubwa kuliko yote ni kanga. Babu mmoja alikuwa amefungwa kwa kanga kwenye kiti, kifuani, fundo liko nyuma asilifikie. Tukaambiwa ni kwa usalama wake asianguke. Aliyefungwa hujaribu kujifungua, na akianguka huanguka na kiti. Na asipojaribu tena, misuli inalegea, anaanguka vibaya zaidi siku akifunguliwa. Wenzao wa nyumba nyingine walifanya vitu vya bei rahisi: vyuma vya kushikilia chooni, choo cha kukaa kilichoinuliwa, taa ndogo inayowaka usiku kutoka kitandani hadi chooni, kandambili za kuteleza zimepigwa marufuku, kitanda kimeshushwa. Ndiyo maana mtu akikwambia "hapa kwetu hajawahi kuanguka mzee" mtilie shaka. Wazee huanguka. Nyumba tuliyoichagua msimamizi wake alitoa daftari la ajali bila kuombwa mara mbili, akatuonyesha mzee aliyeanguka bafuni, saa ngapi, walimpeleka hospitali gani, na marumaru ya bafu hilo waliyobadilisha baada ya hapo. Alikuwa mama mkavu, hana tabasamu, mapokezi yake ni meza ya plastiki. Shangazi hakumpenda.

Baba mkubwa alimpenda, kwa sababu zake. Kijana wa kumpima joto alikuwa wa nyumba hiyohiyo. Alipotukuta alimwamkia yeye kwanza, "Shikamoo babu," akachuchumaa kuwa usawa wa macho yake, akasubiri jibu hadi maneno yalipotoka. Kwingine walikuwa wanatuuliza sisi, "Anakula nini huyu? Anajisaidia mwenyewe?" juu ya kichwa chake. Kisha baba mkubwa akauliza swali ambalo hatukulifikiria: kibla kiko wapi? Kwa Dar ni karibu kaskazini kabisa. Nyumba ni ya Wakristo, kijana hakujua, akasema, "Ngoja nimuulize mzee wa chumba cha tatu, yeye huwa anaswali." Akarudi na jibu, na akauliza kama kitanda kigeuzwe. Kwangu lile lilitosha kuliko bustani.

Fedha nazo zina mitego. Nyumba moja ilitaka ikae na kadi ya benki ya mzee na namba ya siri ili "kurahisisha". Hapana. Pensheni ni ya mzee, na mtu mmoja wa familia anayejulikana na wote ndiye anayeshughulika nayo, akitoa hesabu kwa wenzake. Mkataba tuliusoma kwa sauti kikaoni: ada inajumuisha pampasi na dawa au la, akilazwa hospitali kitanda kinaendelea kulipiwa au la, nani anaamua apelekwe wapi usiku wa manane, taarifa ya kuondoka ni muda gani, na Mungu akimchukua, anajulishwa nani kwanza. Hilo la mwisho watu hukwepa kuliuliza. Liulize.

Tuliangalia pia barabara. Nyumba moja ilikuwa bondeni, na wenyeji walituambia masika gari haliingii. Gari la wagonjwa litapitaje? Tukaipita.

Baba mkubwa amekaa kwenye nyumba ya yule mama mkavu tangu mwaka jana. Tunakwenda siku na saa zinazobadilika, na hakuna anayetoa taarifa ya ujio. Msimamizi alikubali sharti hilo na analiheshimu. Anapimwa uzito kila mwezi, tunauandika. Jirani yetu alitufundisha kwamba mzee akipoteza asilimia 5 ndani ya mwezi mmoja, yaani kilo 4 kwa mtu wa kilo 80, hilo ni la daktari na si la kuongeza uji. Alishuka mara moja. Ikaonekana meno ya bandia yalikuwa yanamuumiza fizi na alikuwa anaona tabu kusema. Shangazi huenda Alhamisi na mafuta ya nazi, anamkanda vidole vya mkono uliopooza, anamkagua visigino bila kumwomba mtu ruhusa, kisha anazunguka vyumba vingine kusalimia.

Mambo hayajawa shwari yote. Wazee wameongezeka pale, usiku wamebaki wahudumu wawili walewale, na msimamizi anasema wa tatu akiajiriwa ada itapanda. Ndugu wengine wanasema hawana. Sisi tunasema bora tupandishiwe kidogo kuliko kupigiwa simu saa tisa usiku. Kikao cha ndugu wote ni Jumapili ijayo, na shangazi ameshasema ataongea yeye.